Bonyeo la Birika la Mama

Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mimi nakusanya vyombo vya zamani. Watu waliohudhuria harusi yetu hawakuona tatizo lolote.

Fundi, ndivyo anavyoitwa na kila mtu, mimi nikiwemo, hawezi kuona kitu kimebonyea akakiacha. Alilinyoosha geti la jirani bila kuombwa, na jirani akanuna, kwa sababu alikuwa akimsubiri aliyeligonga aje alione. Aliwahi kunyoosha sinia msibani, watu wakiwa bado wanakula ndani yake. Nilipomuuliza ilikuwaje, akasema sinia lilikuwa likiyumba na yeye alikuwa na huzuni.

Mimi ni dobi. Kutwa nanyoosha mashati ya watu kwa pasi ya umeme, na jioni naingia chumba cha nyuma kuzitazama pasi za mkaa. Ninazo tele. Ninazo pia taa za chemli, mabeseni yenye maua, redio ambazo hazijasema neno miaka mingi, kinu cha chuma cha kusagia nyama, na kopo la biskuti lililojaa vifungo vya mashati ambayo wenyewe walishakufa. Mtaani naitwa Mama Makopo. Jina silipendi, ila siwezi kusema wamenisingizia.

Wanaonidhani nina kichaa hawaijui raha ninayoipata. Mtu anaweza kununua kitu kipya dukani akafurahi mpaka kifike nyumbani. Mimi nikishika pasi ambayo mpini wake umelika upande mmoja, najua aliyeishika alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na nafurahi wiki nzima. Ila nina sharti moja: sichukui kitu bila habari zake. Mwanzoni muuza vyuma chakavu aliniona msumbufu.

"Mama, pasi nzuri hii."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya... ya kupigia pasi."

"Irudishe."

Siku hizi amezoea. Anakuja mwenyewe kibandani kwangu na ripoti yake mdomoni. Taa hii ilikuwa ya mwalimu, alikuwa akisahihishia kazi za wanafunzi mpaka mke wake akachoka, akawa anaificha stoo ili mume alale. Basi hapo naichukua. Nikiipangusa namwona yule mama akizunguka nayo nyumba nzima akitafuta pa kuificha, na nacheka peke yangu. Kitu kisicho na habari ni chuma tu, na chuma mume wangu anacho cha kutosha.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria. Katika chumba cha nyuma Fundi haingii na nyundo. Aliishika sheria hiyo vizuri, na ndiyo sababu ndoa imefika hapa.

Sasa, birika la marehemu mama yangu halikukaa chumba cha nyuma. Lilikaa jikoni, kwa sababu lilikuwa na kazi.

Ni birika la alumini, kubwa, la kawaida kabisa, na ubavuni lilikuwa na bonyeo. Bonyeo hilo lilipatikana siku ambayo baba yangu, akiwa kijana na ana wageni, alionja chai akasema kwa sauti kwamba leo tumepewa maji ya kuoshea vyombo. Mama alikuwa amesimama na birika tupu mkononi. Alilitupa. Baba akainama, birika likagonga mwimo wa mlango, kifuniko kikachomoka kikabiringika mpaka chini ya kabati. Mimi nilikuwa mdogo, na ndiye niliyekikimbilia. Mama akalichukua birika, akaliangalia, akalijaza maji, akabandika chai nyingine. Baba aliinywa yote akaomba tena. Wanasema hasira hasara. Kwetu ilileta chai nzuri kwa maisha yao yote yaliyobaki, na mimi nikapata jina: tangu siku hiyo Baba aliniita Mbio.

Baba sasa ni mzee sana na anaishi kwa kaka yangu. Kumbukumbu zinamtoka moja moja. Kwanza zilikwenda siku, kisha wajukuu, kisha mimi. Kaka akimleta kunisalimia, ananiita "dada," kwa adabu kubwa, jinsi mtu anavyomwita muuguzi. Ananiuliza kama watoto wangu hawajambo. Nikimwambia mimi ndiye mtoto, anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo la jirani. Hilo linaniuma kuliko msiba wa Mama, kwa sababu Mama alikwenda ananijua.

Lakini nilikuwa na birika. Nikimpa alishike, kidole gumba chake kinatembea chenyewe mpaka kwenye bonyeo, kinaingia, kinatulia. Hapo anaanza. Anasema, "Nikainama. Nisingeinama, watu wangekula wali wangu siku hiyohiyo." Anasimulia yote mpaka kifuniko, na mwisho ananitazama usoni. "Na wewe, Mbio, mguu niponye!" Basi kwa muda huo mimi ni mtoto wa mtu. Chai ikiisha narudi kuwa dada. Nilikuwa nimeridhika. Kidogo ulicho nacho ndicho chako.

Ijumaa moja, keshokutwa yake Baba akiwa anatarajiwa, nilirudi kutoka kibandani nikiwa na mgongo unaoniuma. Nikiwa uani nilisikia ngo, ngo, ngo, taratibu, kutoka jikoni. Nikadhani ni kifuniko cha sufuria. Niliingia nikamkuta Fundi amekaa kwenye kigoda, birika liko magotini, ndani yake ameingiza kipande cha chuma, nje anagonga kwa nyundo ya mpira. Alikuwa anatabasamu.

"Umewahi kurudi," akasema. "Nilitaka ulikute tayari."

Akaligeuza ili nilione. Lilikuwa laini pande zote. Alikuwa amelisugua pia, nikauona uso wangu ubavuni mwake ukiwa mpana kama beseni.

"Fundi. Umefanya nini?"

"Nimekunyooshea. Kwa ajili ya mgongo."

"Mgongo na birika wapi na wapi?"

"Nilifikiri utafurahi, upone."

Nikamwuliza sheria yetu imekwenda wapi. Akasema sheria ni ya chumba cha nyuma na hapa ni jikoni. Kwa bahati mbaya alikuwa sahihi. Nikakaa chini sakafuni, na nikalia kwa sauti, kitu ambacho sikufanya hata tulipomzika Mama. Fundi alinitazama, kisha akalitazama birika, na nikaona habari zinamfikia. Alikuwa ameisikia hadithi ile kila mara Baba alipokuja. Ila kwake hadithi ilikuwa hadithi, na bonyeo lilikuwa bonyeo. Hakuwahi kuvikutanisha.

"Mungu wangu," akasema. "Mzee anakuja Jumapili."

Jumamosi hatukwenda kazini. Fundi aliniomba nimwonyeshe lilipokuwa. Nikamwonyesha, akaweka alama kwa chaki. Akauliza kina chake, nikamwambia cha kidole gumba. Cha nani? Cha Baba. Akatoka na birika, akarudi nalo baada ya muda mrefu. Bonyeo lilikuwepo. Lilikuwa la mviringo, kingo zake laini, katikati pamezama sawasawa pande zote. Lilikuwa bonyeo zuri sana, na hapo ndipo penye tatizo. Ungeweza kuweka sabuni.

"La Mama halikuwa hivi," nikasema. "Lilikuwa limekunjamana. Lilikuwa na kona."

"Kona siwezi," akasema. "Nimejaribu. Mkono unakataa."

Nilimwamini. Mzoea udalali duka haliwezi, na mtu aliyenyoosha vitu maisha yake yote huwezi kumtuma aviharibu. Akapendekeza kwamba tulifanye kama lilivyofanyika. Akaliondoa lile bonyeo lake la sabuni, akavaa kofia yake ya kuchomelea vyuma, akasimama mbele ya mwimo wa mlango, akasema, "Nitupie."

Nikalinyanyua birika. Nilitaka kukasirika. Nilikumbuka sinia la msibani, geti la jirani, na siku aliyoninunulia kitambaa cha kiti nilipoomba kiti. Lakini alikuwa amesimama pale na kofia ile, mikono ameining'iniza, magoti ameyakunja kidogo tayari kuinama, na ndani ya kile kioo cheusi nikajua amefumba macho. Nikatupa. Birika likaanguka kwenye zulia karibu na miguu yake, kama kuku aliyechoka.

"Hiyo si hasira," akasema kutoka ndani ya kofia.

"Imeisha."

"Imeisha lini?"

"Sasa hivi."

Akavua kofia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, au nilichagua kuamini ni jasho. Akasema basi, tuliache hivyo hivyo, kesho atamwambia mzee ukweli. Nikamwambia ukweli hautasaidia, mzee hamjui hata yeye ni nani. Akasema atamwambia hivyo hivyo.

Jumapili kaka alimleta Baba, akamkalisha kwenye kiti chake, akaenda kununua vocha ya simu. Baba alikuwa amevaa shati nililompigia pasi mwenyewe. Akaniambia, "Asante, dada, mna nyumba nzuri." Kisha nikampa birika, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumpa.

Kidole gumba chake kikaanza safari. Kilipita ubavuni, kikafika mahali pale, kikakosa pa kuingia. Kikarudi. Kikazunguka upande wa pili mpaka kwenye mdomo wa birika, kikarudi tena pale pale, kikasimama. Ningetoa chumba cha nyuma chote, pasi na taa na vifungo, ili kile kidole kiingie.

"Hili si la mke wangu," akasema.

Akaliweka kando ya kiti.

"Mke wangu ana birika lake. Dada, samahani. Naomba nipelekwe kwake."

Fundi ndiye aliyesimama. Akaenda akasimama mbele ya mzee, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, baba mkwe. Ni lenyewe. Nimelinyoosha mimi."

Baba akainua macho. "Nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Lilikukosea nini?"

Fundi alifikiri. Angeweza kusema mengi, angeweza kusema juu ya mgongo wangu. Lakini ni mtu asiyejua kudanganya, hata pale uongo unapoombwa.

"Lilikuwa limebonyea, mzee," akasema.

Baba alimtazama. Nikaona kitu kikipanda shingoni mwake, polepole, kikafika usoni, na uso wake ukawa uso niliokuwa nikiuogopa utotoni. Akashika mikono ya kiti akasimama peke yake, jambo ambalo kaka alituambia haliwezekani tena. Akalinyanyua birika. Halafu, ingawa mkwe hatupiwi kitu na mkwewe katika nchi yoyote ninayoijua, akalitupa.

Fundi akainama. Birika likapita juu ya kichwa chake likagonga mwimo wa mlango kwa kishindo kilichofanya redio mbovu ya chumba cha nyuma itoe mlio. Kifuniko kikachomoka, kikasimama kwa ukingo, kikaanza kubiringika sakafuni.

"Mbio!" Baba akaita. Hakunitazama hata kidogo, alikuwa anakitazama kifuniko. "Mbio, kinakwenda hicho! Kabatini!"

Mimi nina wajukuu. Daktari alinikataza kupiga magoti. Nilikimbia, nikapiga magoti, nikalala kifudifudi mbele ya kabati na mkono wangu wote chini yake, nikapapasa kwenye vumbi na pini za nguo mpaka nikakipata. Sikutoka mara moja. Nilibaki pale chini nimekishika, nikilia na kucheka na kupiga chafya.

Nilipoinuka, Baba alikuwa amekaa, anahema, anaonekana mwenye afya. Fundi alikuwa amechuchumaa mlangoni na birika mikononi. Bonyeo lilikuwa baya sana. Lilikuwa na kona, na lilikuwa upande mwingine kabisa na lile la Mama. Akalipitisha kiganja chake juu, taratibu, na nikaona mkono wake wa kulia umeanza kupapasa sakafuni kutafuta kitu.

"Usiguse!" tukasema, mimi na Baba, kwa pamoja.

Fundi akaurudisha mkono. Akasimama, akalijaza birika maji, akabandika chai.