Bastola Iliyokaa Kimya

Nilikuwa na kijicho, sifichi. Miaka kumi na miwili nimefundisha mapigano ya fimbo kwenye jukwaa letu, magoti yameisha, halafu mdogo wangu, tumbo moja, anakuja na bastola ya plastiki na kukabidhiwa mwisho wa tamthilia.

"Dakika nne za fimbo ni nyingi mno," alisema mwongozaji. "Utaizungusha mara mbili, yeye atasema, 'Fimbo yako imezeeka, mzee,' atafyatua, utaanguka. Watu wa siku hizi wanataka bunduki."

Dakika nne zile nilizitunga mwenyewe, hatua kwa hatua. Mdogo wangu akanipiga bega. "Mwenye wivu ajinyonge, kaka!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, huku roho ikiniuma. Huyo hajajifunza hata kuanguka.

Siku ya onyesho la kwanza ukumbi ulijaa. Mama yetu alikaa mstari wa mbele. Nilizungusha fimbo mara mbili, nikasimama. Mdogo wangu akaingia, akanielekezea bastola, na maneno yakampotea. Akafyatua hivyo hivyo. Fundi sauti, ambaye hubonyeza mlio akishasikia "mzee", alikuwa bado anasubiri neno lake.

Kimya. Mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka.

Mimi nilikuwa mzima wa afya, fimbo mkononi. Ningebaki nimesimama tu, ukumbi ungemcheka mpaka basi, na dakika nne zangu zingerudi. Nilitaka hivyo, Mungu shahidi.

Kwenye fimbo za jukwaani, pigo halimgusi mtu. Anayepigwa ndiye anayelifanya liume. Mwili wangu haujui kumwacha mwenzangu apige hewa. Bega likarudi nyuma lenyewe, fimbo ikaniponyoka, magoti yakakunjika, nikaenda chini taratibu, mkono kifuani. Mama alipiga ukelele. Watu wakasimama na kupiga makofi.

Nyuma ya pazia mwongozaji alimkumbatia mdogo wangu. "Kimya kile! Kuanzia kesho hatutaki mlio, hatutaki maneno, wala hiyo fimbo. Bastola tu. Una kipaji, kijana!"

Mdogo wangu alinitazama juu ya bega la mwongozaji. Nilikuwa nasugua goti, nikingoja aseme ukweli.

"Asante, bosi," akasema.