Pigo la Elfu la Wendell Krantz

Mimi ni karani wa mchezo wa besiboli katika uwanja wa timu ya Kambale, hapa Pruitt Falls, Ohio. Mtu akiupiga mpira na kufika kituo cha kwanza, mimi ndiye naamua kama lilikuwa pigo halali au mdakaji alifanya kosa. Nikishaandika, imeandikwa. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja, kwa hiyo kuchukiwa nimezoea.

Mwezi Julai, Wendell Krantz alikuwa na mapigo mia tisa tisini na tisa. Hakuna Kambale aliyewahi kufika elfu, na klabu haikuwa na subira. Brent Osgood, kijana mwenye shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo na cheo cha Mkurugenzi wa Historia na Furaha ya Mashabiki, alikuwa ameshaagiza sanamu elfu mbili za Wendell, zile za plastiki zinazotikisa kichwa, kila moja ina "1,000" tumboni. Historia ilikuwa kwenye maboksi stoo, inangoja tu kutokea.

Kisha akamwita Wendell, akamweleza mpango. Akifikisha elfu, jezi yake itatundikwa ukutani naye ataheshimiwa. Wendell ana miaka thelathini na minane na goti bovu, lakini si mjinga.

"Nitaheshimiwa mpaka lini?"

"Mpaka fataki ziishe, mzee. Halafu nafasi yako tunampa kijana mwingine."

"Basi niajirini nifundishe watoto kupiga."

"Ningependa sana. Ila kazi ya kufundisha kupiga inataka digrii."

Kilemba cha ukoka hicho. Katika biashara hii, ukianza kuitwa historia, jua mkataba umekwisha.

Basi Wendell akaacha kupiga. Aliifanya kazi hiyo kwa ufundi ambao sijaona mfano wake. Gongo lilipita mpira ukiwa umeshapita. Siku nyingine alingoja arushiwe mipira minne mibaya, akapewa kituo cha kwanza bure, akachechemea kwenda huko, na hilo halihesabiwi kuwa pigo. Mechi kumi na moja! Klabu isingeweza kumfukuza, maana sanamu wangempa nani? Ikamweka wa kwanza kwenye foleni ya wapigaji ili apate zamu nyingi zaidi. Mashabiki, midomo imejaa soseji, walimlilia. "Masikini, presha imemkamata!" Hajawahi kupendwa vile maishani.

Brent akapanda kwenye kibanda changu.

"Mwalimu Haverkamp, lile pigo lake la Mei, tuliloandika kosa la mdakaji..."

"Tuliandika na nani? Niliandika mimi."

"Libadilishe tu, yaishe. Nani ataumia?"

"Mrushaji wa wageni wa siku ile. Pointi zilizoingia zitamwangukia yeye."

"Yule alishaenda zake Nebraska! Hata hatajua."

"Mimi nitajua. Sogea, unanizibia uwanja."

Kesho yake akaja Wendell mwenyewe, na pai ya pichi aliyooka mkewe. Nilimfundisha akiwa na miaka kumi na mitano, na hadi leo akiniona huvua kofia.

"Mwalimu, siku nikiteleza nikapiga, niandikie kosa la mdakaji. Nakusihi."

"Uliponakili mtihani wa aljebra nilikupa ngapi?"

"Sifuri."

"Basi beba pai yako."

"Mwalimu, sijui kazi nyingine. Tangu nina miaka sita ni hii tu."

Alitoka bila pai. Sikuigusa mpaka alipofunga mlango. Nilimhurumia, na huruma yenyewe ilinitia hasira, kwa sababu haina safu kwenye karatasi yangu.

Jumapili mchana, mechi ya kumi na mbili, mrushaji wa wageni alikuwa mtoto wa miaka ishirini, mkono umeshachoka. Akaachia mpira mpole, mnene, usawa wa mkanda. Wendell aliuona. Nami nilimwona akiuona. Moyoni nikamwambia: uache, baba, uache upite! Lakini mazoea yana taabu. Gongo liliondoka begani kabla mwenyewe hajaombwa ruhusa.

Mpira ulipaa katikati ya wadakaji wawili wa nyuma, ukaenda kugonga ukuta. Nikamwomba Mungu mmoja wao auguse, umponyoke, ajikwae, chochote. Hakuna aliyeukaribia hata hatua kumi.

Fataki zikalipuka juani, hazionekani ila moshi. Brent akazunguka uwanjani anamkumbatia kila mtu, na sanamu elfu mbili zikaanza kutikisa vichwa majukwaani. Wendell alikuwa amesimama kituo cha pili, anacheka, meno yote nje. Kwa muda huo mfupi alikuwa amesahau kabisa. Kisha akakumbuka, nikaona kicheko kinamtoka usoni, akainua macho kunitazama kibandani.

Nilitafuta kosa. Kwa mara ya kwanza tangu nishike penseli hii, nilitafuta kosa kwa moyo wangu wote. Lakini pigo lile lilikuwa zuri kuliko mengine yote mia tisa tisini na tisa. Nikaandika pigo halali, nikalia kama mjinga.