Dawa ya Mkwe Hairudishwi

Enzi ya ruksa, kila mtu auze atakacho, ilipofika Bariadi, jamani, hata mafua yalipata maduka yake. Zamani ulikwenda zahanati ukapewa vidonge vyeupe, vikiwepo. Vikikosekana unajifunika blanketi unatoka jasho. Sasa kila kona duka la dawa, na pakiti za rangi zinakukonyeza.

Machibya alishikwa na mafua pamba ikiwa imepasuka shambani. Homa, kifua, chakula hataki. Mkewe Kwandu akamnunulia vidonge vya njano, asubuhi, mchana na jioni. Ingetosha, sivyo? Thubutu! Wifi yake Lucy akaja kutoka Somanda na vidonge vyekundu. "Hivi ndivyo vya mjini, wifi." Mama mkwe, Milembe, naye akateremka basi kutoka Nyashimo na dawa ya unga, ya kukoroga kwenye chai. Na kwao mkwe akikuletea dawa humrudishii. Ukiirudisha, umemrudisha yeye. Kwandu alipiga goti, akaipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," akashukuru.

Akampa mumewe zote. Moyoni alijisifu: ugonjwa umezingirwa pande zote, utatorokea wapi? Machibya alipoanza kutapika, akasema dawa inatoa uchafu, akamwongezea. Masikini, alimwongezea kwa upendo.

Macho ya Machibya yalipogeuka manjano na maneno yakaanza kumpotea, walimkimbiza hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Daktari Anatoli akauliza amekunywa nini. Kwandu akafungua pindo la kitenge, akazimwaga pakiti mezani. Daktari akazigeuza, akazisoma moja moja.

"Dada, hizi zote ni dawa ile ile," akasema. "Rangi tofauti, majina tofauti. Kidogo inashusha homa. Ikizidi, inaua ini."

"Basi mpe ya kuiondoa!"

"Ipo, lakini hapa hatuna. Na ilitakiwa mapema. Ini limekwisha, dada."

Nimemuua, Kwandu akawaza. Nimemuua kwa mkono wangu na kijiko changu. Alikaa kando ya kitanda akimwita, "Baba Sayi! Baba Sayi!" Hakuitikiwa. Mchana ule, jua likiwa utosini, Machibya akakata roho.

Milembe alimkuta mkwewe mlangoni pa wodi. Mama huyo alikuwa anatoka dukani, anahema, hana habari, mkononi ana pakiti mpya ya bluu.

"Mwanangu, hii wanasema ndiyo kiboko ya zote."

"Mayu, ametuacha."

Bibi wa watu akaangua kilio, akajipiga kifua. "Nimechelewa! Ningeileta jana, mwanangu angepona! Kosa langu!"

Kwandu akafungua kinywa. Amwambie nini mama huyu? Kwamba hata ule unga wake wa kwenye chai ulikuwa dawa ile ile? Majuto yake peke yake yalikuwa yamemshinda kubeba. Angemtwisha na mwenzake?

Akapiga goti kwenye sakafu ya saruji, akaipokea ile pakiti kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu."