Samaki wa Mboko hawajafika

Saa mbili asubuhi, hakuna hata pikipiki moja iliyokuwa imefika mjini Baraka kutoka Mboko. Kila siku wauza samaki wa Mboko hufika kwanza, ndipo wasafiri wa Baraka huondoka. Samaki wasipofika, hakuna anayeingia barabarani, maana ni dalili kwamba wanyang'anyi wako njiani.

Arlette alikuwa amekwisha kufunga chakula cha kwenda kula na watoto ufukweni Mboko. Mumewe, Bienfait, alitangulia jana kutafuta mahali penye kivuli. Simu yake haikupatikana.

“Bienfait iko anamaliza samaki yetu ya mukeke,” alitania Émilienne, shangazi wa Bienfait. “Mi namujua, tumbo kama pipa!”

“Tantine, usicheke. Bamama ba samaki beko wapi?”

Émilienne aliwaingiza watoto ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Baadaye pikipiki ilisimama nje. Arlette alichungulia dirishani kabla ya kufungua. Nyuma ya dereva hapakuwa na kapu la samaki. Alikuwapo Bienfait, kifua wazi, bila viatu.

“Mutoe chakula,” alisema. “Tutakulia hapa hapa.”

Arlette alifungua sufuria.