Hatua Tano za Mtaro

Mimi nina mdomo. Mtaa mzima unalijua hilo, maana nusu yao wameshuka kutoka kwetu milimani, niliwachoma sindano wakiwa wachanga, na nusu iliyobaki nimewasema. Nilipostaafu uuguzi nikashuka kutoka Vudee, nikajenga hapa Same mjini karibu na barabara kuu, nikidhani nitapumzika. Nikakuta malori.

Yalikuwa yanaacha lami na kuingia mtaani kwetu kulala. Vumbi, honi, kuta kupata nyufa, madereva kukojoa kwenye nyumba za watu mchana kweupe. Tukavumilia. Mwezi wa tatu lori moja likarudi nyuma bila kuangalia, likamvunja mguu Blessing, binti wa Naisenya, yule mama anayetuuzia maziwa. Hapo nikawaka. Nikaitisha mkutano, nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati, nikatoa hoja mwenyewe: tukate njia kwa mtaro pale mdomoni mwa mtaa, wenye magari madogo wazungukie kidaraja cha nyuma kisichobeba lori. Na tuuchimbe kwa msaragambo, kazi ya pamoja kama kule kwetu milimani, kila kaya ipimiwe kipande chake.

"Na lori la Zephania?" akauliza jirani yangu, Mzee Asheri, kwa upole.

Zephania ni mwanangu wa pekee. Anabeba saruji kutoka Tanga kwenda Arusha. Kila Alhamisi anaegesha mlangoni kwangu, anaoga, anakula, analala kwa saa tatu, anaondoka. Hana mke wala nyumba nyingine, na mzigo hauachwi barabarani dereva akaenda kulala. Katika wiki nzima, saa hizo tatu ndizo zangu. Nilipokuwa nayatukana malori, lake sikuwa nimelihesabu kabisa. Lile halikuwa lori, alikuwa mwanangu amekuja.

Watu wote walikuwa wananitazama. Naisenya alikuwa amempakata mtoto na plasta yake mguuni. Ningesema neno pale, wangenielewa. Badala yake nikainua kidevu: "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Nilimpigia Zephania simu mara mbili ili nimwambie. Mara ya kwanza nikaulizia matairi. Mara ya pili nikauliza kama anakula.

Kazi tulipanga iishe Jumatano. Tukakuta mawe, ikaingia Alhamisi. Mzee Asheri ndiye aliyepima kwa hatua, na kwa heshima ya uenyekiti akanipa hatua tano za katikati. Kufikia saa nne asubuhi pande zote mbili zilikuwa zimeshuka mpaka kifuani. Katikati kulibaki udongo wangu, nimeuchimba mpaka magotini tu, na lori lingeweza kupita pale likiyumba. Nilikuwa nachota nusu koleo, nasimama, nafunga kanga upya, naomba maji. Hakuna aliyeniharakisha, na hilo liliniuma zaidi.

"Yeyoo, wewe umechoka," Naisenya akasema, akiniita mama kwa Kimaasai chake. "Leta mimi nichimbe."

"Niache! Nani kakwambia nimechoka?" nikamkaripia bure, mtoto wa watu.

Saa tano honi ikalia barabarani, mbili fupi na moja ndefu. Zephania aliegesha kando ya lami, akashuka na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, akasalimia wazee mmoja mmoja.

"Shikamoo, mzee Asheri."

"Marahaba, baba. Habari za safari?"

"Njema." Halafu akaniona. "Mama! Watu wote hawa, wewe ndiye uchimbe?" Akanitoa shimoni upande wa nyumbani, akachukua koleo, akaingia. "Mtaro wa maji huu, siyo? Mmefanya la maana. Mvua za juzi zilituzamisha."

Wakanigeukia wote. Mdomo wangu, ule ule, ukawa mzito.

"Wa maji," nikasema.

Akachimba. Alimtania Mzee Asheri kwamba wazee wa Vudee wanachimba kama wanapanda tangawizi, akacheka peke yake. Kijana ana mgongo. Alishuka mpaka chini, akanyoosha kuta. Nilitaka kumwambia acha, bakiza kidogo, na sikuweza. Nilimchukia kila mtu aliyesimama pale, nikianza na mimi.

Alipomaliza akapanda upande wetu, akajifuta uso kwa shati. Akatazama lori lake kule ng'ambo, akatazama nyumba yangu.

"Makalavati yanakuja lini? Maana sasa, mama, mimi napita wapi?"

Mzee Asheri akaanza kukohoa. Naisenya akainama. Swali halikuwa lao.

"Hupiti, mwanangu," nikasema. "Tumeuchimba ili malori yasipite. Hoja niliitoa mimi."

Angegomba ningepona. Alilifuta koleo kwa nyasi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Sawa, mama. Nitakuwa nalala Hedaru, kule njiani."

Akarudi nyuma kidogo, akaruka mtaro, akaelekea kwenye lori bila kuoga. Makande yake yalikuwa jikoni, yameiva. Nikaita, "Zefa, ngoja nikufungie chakula!" lakini injini ilikuwa imeshawaka. Nikataka kumfuata. Kidaraja cha nyuma ni mwendo wa robo saa, na pale mbele yangu mtaro alikuwa ameuchimba vizuri, sikuweza kuvuka.