Kilio cha Kuazima

Fundi saa yule alikuwa na sheria moja tu, aliyoirithi kwa baba yake pamoja na meza: mezani hakuna kelele. Skrubu ya saa ya mkononi ni ndogo kama yai la chawa. Ukipiga chafya, imeenda. Ukicheka kwa nguvu, imeenda. Ukigombana na mumeo, imeenda, na ugomvi wenyewe utauahirisha, maana nyote wawili mtakuwa mmepiga magoti chini ya meza mkipapasa sakafu kama waliodondosha meno ya bandia. Basi mwanamke huyo alikua kimya, akaolewa kimya, na hata siku nyundo ya jirani ilipomwangukia kidole cha mguu alisema "aa," taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, upana wake kama kabati. Miezi miwili ya mwisho ya mimba yake ya tatu tumbo ndilo lililokaa mezani, yeye akawa anafanya kazi kutokea ng'ambo. Wateja hawakumwacha.

"Fundi, umemeza saa ya ukutani?"

"Ndiyo. Na haisimami hata nikiiomba."

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa vizuri, juu ya kitanda, mkunga akamsifu mama kwa ustaarabu. Sifa hizo ndizo zilizomponza. Kwa mtoto wa pili alikaa kwenye benchi la korido na ustaarabu wake uleule, akaambiwa "bado, mama, bado," mpaka hiyo bado ikaisha. Mtoto wa kike akatokea mbele ya mlango wa stoo ya mafagio, kitovu kimemzunguka shingo, rangi yake kama wino. Aliyemdaka ni mama wa usafi, aliyetupa dekio na kumfungua shingo kwa mikono yenye povu la sabuni. Msichana huyo sasa ana miaka minne na anapiga kelele za watu watatu, lakini mama yake hajaisahau ile rangi.

Na safari hii picha ya kliniki ilionyesha kitovu shingoni tena. "Usiogope," aliyempiga picha alimwambia. "Wengi huzaliwa hivyo wakiwa salama. Ila awepo mtu wa kumpokea."

Awepo mtu wa kumpokea. Fundi hakuomba kingine duniani: kitanda, na mikono miwili ya mtu anayejua kazi, kabla kichwa hakijatoka.

Saa tatu na nusu asubuhi mumewe, fundi bomba, alimfikisha kwenye geti la hospitali ileile. Wanaume mwisho wao ulikuwa hapo, kwa mlinzi. Akamkabidhi beseni na mfuko wa nguo za mtoto, akamsogelea sikioni.

"Mke wangu, nakuomba. Ukifika mle ndani piga kelele."

"Nitajitahidi."

"Hata za uongo."

"Nimesema nitajitahidi, baba." Akaenda zake, mgongo umenyooka, kama mtu anayekwenda kuchukua barua.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na vyote sita vina watu. Mkunga alikuwa mmoja, mwenzake kaitwa chumba cha upasuaji. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, ndara za plastiki miguuni, kalamu imechomekwa kwenye nywele na nyingine mkononi, na alikuwa hajakaa tangu zamu ianze.

"Uchungu umeanza lini, mama?"

"Saa kumi na moja na dakika ishirini. Sasa unakuja kila baada ya dakika nne, na ukija unakaa sekunde hamsini na tano. Dada, huyu ana kitovu shingoni, na yule wa pili alinitokea hapo kori—"

Mkunga alikuwa amesimamisha kalamu. "Umehesabu sekunde?"

"Ndiyo."

"Mama, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Mwenye uchungu hahesabu sekunde. Mwenye uchungu hata jina la mumewe linampotea, akilikumbuka analitukana. Nenda ukakae, nitakupima kitanda kikipatikana."

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na vitanda sita na mikono miwili, na wodi yake aliiendesha kwa masikio: anayelia kidogo asubiri, anayelia sana apimwe. Ukifikiria sana, hata nyumbani ndivyo watoto wanavyogawiwa chakula.

Benchi lilikuwa lilelile, hata msumari wake uliochomoza ulikuwa palepale. Pembeni alikaa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mimba yake ya kwanza, na huyo masikio ya mkunga yalikuwa yanamjua vizuri. Kazi yake ilikuwa kunadi nguo za mitumba. Sokoni walimwita Spika, kwa sababu siku umeme ulipokatika na kipaza sauti kikafa, hakuna mteja aliyegundua.

"Nakufaaa!" Spika alilia. "Mwambieni yule bwana ajifiche! Nikitoka hapa mzima namtafuta! Namtafutaaa!"

Pazia likafunguka. "Haya, njoo nikupime," alisema mkunga, akamwingiza kwenye kona yake. Dakika mbili baadaye Spika alirudishwa, kachukia.

"Njia imefunguka sentimita tatu!" mkunga alisema nyuma yake. "Kelele zote hizo kwa sentimita tatu! Ukifika kumi si utabomoa paa?"

"Sista, zipime vizuri, labda umeruka nyingine."

"Kaa chini, mdogo wangu. Usinichoshe."

Fundi akaangalia saa yake. Dakika mbili na nusu. Akainuka, akaenda hadi mezani kwa mkunga akishika ukuta, akasubiri zamu yake nyuma ya mwanamke aliyekuja kuulizia kadi. Alipofikiwa akasema, "Dada, sasa ni dakika mbili na nusu. Naomba unipime."

Mkunga akamtazama usoni. Uso ulikuwa umetulia kama sahani. Ungetazama chini ungeona vidole vya miguu vimejikunja kama kucha za kuku juu ya tawi, lakini nani mwenye muda wa kutazama vidole? "Mama, umekuwa msimamizi wangu? Nimekuona. Wewe ni wa tatu kwenye foleni. Kakae."

Akarudi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hao, kwa hakika, walikuwa wanaume.

Uchungu uliofuata haukuja kama wenzake. Ule mwingine ulikuwa unabana. Huu ulisukuma, kutoka juu kwenda chini, bila kumuuliza mwenye nyumba. Chupa ikapasuka, maji yakamwagika kwenye viatu. Akajua. Akafungua kinywa apige kelele alizomwahidi mumewe. Akavuta pumzi, akajikaza, na kilichotoka kilikuwa, "Samahani."

Spika akageuka. "Umesemaje, dada?"

"Anakuja."

"Nani?"

"Mtoto."

"Mbona unamtangaza kama mgeni wa chai? Anakuja lini?"

"Sasa hivi. Kichwa kimeshuka." Fundi alishika ukingo wa benchi, jasho linamdondoka kidevuni. "Siwezi kupiga kelele, mdogo wangu. Sijui zinaanzia wapi. Na akitoka hapa bila mtu, kitovu kitamnyonga. Nisaidie. Nililie."

Spika alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna mwanadamu asiyejua kutafuna. Kisha akasimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine mdomoni kama kipaza sauti, na uchungu wake mwenyewe akauambia usubiri.

"Mtoto huyooo! Mtoto huyo jamani, yuko mlangoni! Mpya kabisa, hajavaliwa hata siku moja! Wa kwanza kufika ndiye wa kudaka! Njooni, njooni, njooni, akianguka hatuna wa kubadilisha!"

Wodi nzima ilinyamaza. Hata waliokuwa wanalia walinyamaza, waone kinachouzwa. Pazia likavutwa mpaka pete moja ikakatika.

"Wewe tena!" mkunga alifoka. "Nimekupima sasa hivi! Sentimita tatu!"

"Si mimi, sista! Ni huyu!"

Mkunga akamtazama Fundi. Fundi akamtazama mkunga. Uso sahani, macho makavu.

"Nyie mnanichezea," mkunga alisema kwa uchovu. "Nina mama anatoka damu kule ndani, nyie mnanichezea." Akageuka aondoke.

Hapo Fundi akamdaka mkono. Vidole hivyo vilikuwa vimekaa miaka kumi na mitano vikishika visivyoshikika, na uchungu ulikuwa umeanza tena. Havikumwachia. Mkunga alivuta mara moja, akavuta mara ya pili, kisha akaacha kuvuta, kwa kuwa nguvu iliyokuwa inapita kwenye mkono ule ilikuwa inamweleza habari ambazo uso ulikuwa haujazitoa. Fundi akauvuta mkono wa mkunga, akauweka chini ya nguo. Kitu cha duara, kigumu, chenye nywele.

"Mungu wangu," alisema mkunga. Sasa yeye ndiye aliyepiga kelele. "Kitanda! Nipeni kitanda!"

Mama mmoja wa kitanda cha kwanza, aliyejifungua alfajiri, alishuka mwenyewe na mtoto wake kwapani. "Njoo, dada, njoo, mimi nimeshamaliza." Spika akashika bega moja, mkunga la pili, wakamtupa Fundi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Kichwa kikatoka palepale.

"Simama hapo! Usisukume!" mkunga alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazi. "Kitovu kipo. Kimezunguka mara mbili. Usisukume mpaka nikwambie, mama, hata ukisikia nini."

Kumwambia mwanamke asisukume wakati huo ni kama kuliambia bonde lizuie mto. Wengi hawawezi, na hakuna wa kuwalaumu. Fundi alifanya alichokifanya kila siku kibano kikiwa kimeshika springi nyembamba kuliko unywele: akaachia taya, akaachia mabega, akatoa pumzi kidogokidogo kama anayepuliza vumbi bila kupeperusha kitu. Alihesabu. Sekunde kumi na nane, mkunga akapitisha mzunguko wa kwanza juu ya kichwa. Wa pili ulikuwa umekaza. Sekunde thelathini, vibanio viwili. Sekunde thelathini na saba, mkasi.

"Sasa!"

Mvulana akatoka mwili mzima kwa mara moja, kama samaki anayeponyoka mkononi, na mikono miwili ya mtu anayejua kazi ikampokea.

Hakulia.

Mkunga akamfuta kwa taulo, akamsugua mgongo, akamfuta mdomo na pua, akamsugua tena. Rangi ilikuwa ya samawati, ikawa ya kijivu, ikaanza kugeuka. Bado kimya.

"Lia, baba. Lia." Mkunga alimgonga nyayo. "Halii huyu. Halii." Akageuza shingo kutafuta mpira wa kupulizia pumzi.

"Dada," alisema Fundi kutoka kitandani. "Anapumua."

"Simsikii!"

"Mwangalie kifua. Nimemhesabu kumi na mbili kwa robo dakika."

Mkunga akafungua mdomo ajibu. Bila shaka jibu lilikuwa lilelile, la miaka kumi na tisa. Kisha akaufunga. Akaweka vidole viwili juu ya kifua cha mtoto, akageuzia macho saa yake ya mkononi, na midomo yake ikaanza kucheza. Wodi ikamsubiri. Mtoto alikuwa amefungua jicho moja na kumtazama, bila haraka.

"Kumi na tatu," mkunga alisema mwishowe.

"Basi ameongeza."

"Anapumua," mkunga alisema tena, safari hii akijiambia mwenyewe, akaegemea kitanda. Rangi ya mtoto ilikuwa imefika hadi kwenye midomo. Akamfunika, akamlaza juu ya kifua cha mama yake.

"Vipi huko?" Spika aliuliza kutoka nyuma ya pazia. "Mbona simsikii? Na yeye nimlilie?"

"Ni mzima!" alisema mkunga. "Na wewe njoo ukae, kabla hujanizalia kwenye korido!"

"Sentimita tatu, sista. Umesema mwenyewe."

Mkunga akaenda mezani na kalamu ya kwenye nywele, akafungua faili, akaanza kuandika: mvulana, uzito bado, kitovu mara mbili. Vitanda vilikuwa vinamwita pande zote. Wa dirishani alikuwa anamtaja mama yake mzazi, wa katikati anataka maji, Spika uchungu wake uliosubirishwa ulikuwa umefika na anautangaza kwa majirani wote. Katikati ya yote hayo Fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia kadi:

"Dada. Kuna kitu kingine kinakuja."

Kalamu ikabaki katikati ya neno. Mkunga alitoka pale mbio, ndara moja ikabaki chini ya meza, na mikono yake ilikuwa tayari imekingwa kabla hajafika.

Lilikuwa kondo la nyuma tu.