Aliyembeba Mwenzake

Nimechonga mawe ya makaburi miaka ishirini, na kumi na saba kati ya hiyo sikujua kusoma. Karani aliniandikia maneno kwenye karatasi, nami niliyafuata kwa patasi kama mtu anayefuata nyayo za mwingine. Nilimwomba Mungu anifungue macho. Akanifungua katika darasa la jioni, nikiwa na miaka thelathini na minane, nami nikashukuru kwa machozi.

Kisha baraza la mji likaamua kusimamisha jiwe la kuwaheshimu waliopigana vita, na kazi ikaja karakanani kwetu. Nilipopewa orodha nilitafuta jina la Babu yangu, aliyenilea. Nilipitisha kidole mara tatu. Halikuwepo.

"Cheti chake kiliungua na nyumba," karani wa baraza alisema. "Bila cheti tunataka mwenzake wa kikosi aliye hai atie saini. Wamebaki wangapi?"

"Mmoja tu. Koplo."

"Basi umepona. Si rafiki yake?"

Macho yangu yalikuwa yamefika mwisho wa orodha. Chini ya jina la Koplo kulikuwa na sentensi: *Alimbeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa, siku mbili, hadi kambini.*

Hadithi hiyo naijua tangu utotoni, ila kwetu ilikuwa kinyume chake. Aliyepigwa risasi ya paja ni Koplo. Babu ndiye aliyembeba, akavuka naye kinamasi, na mgongo wake haujanyooka hadi leo. Kila asubuhi naupaka dawa ya kuchua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimkuta Koplo sebuleni kwake, amevaa koti lenye nishani, mguu ameuweka juu ya stuli.

"Shikamoo, Babu Koplo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzee bado anadunda? Mimi nimekula chumvi nyingi, lakini yeye kanizidi."

"Wewe nyingine umeitia kwenye hadithi."

Alicheka, halafu akaona fomu mkononi mwangu, akaacha. Nilimweleza yote.

"Saini nitatia," alisema. "Lakini ile sentensi ibaki, na jina lake liingizwe humo humo. Watu wataniuliza, mwenzako gani? Wamjue."

"Lakini yeye ndiye aliyekubeba wewe."

"Miaka sabini nimewasimulia watoto wangu. Nimesimulia shuleni, nimesimulia ibadani. Leo niwaambie nilibebwa kama gunia la mkaa?"

"Na kovu la paja?"

"Wanajua ni baiskeli." Alivuta blanketi akafunika mguu. "Anataka jina, nampa jina. Hata kusoma hajui."

Niliomba siku tatu kwa magoti. Babu alikuwa anadhoofika, na kila asubuhi nikimchua aliuliza, "Jiwe limefika wapi? Jina langu umelichonga vizuri?" Siku ya nne nikakubali sharti lake, Koplo akatia saini, nami nikapeleka fomu. Nilijiambia kwamba jina ni jina, na Mungu anajua nani alimbeba nani. Jina la Babu nililichonga kwa saa nne, katikati ya uongo, na sijawahi kuchonga herufi nzuri kuliko zile.

Siku ya kulizindua, baada ya hotuba, nilimshika Babu mkono nikampeleka kwenye jiwe. Macho yake yanaona mwanga tu. Niliweka kidole chake juu ya jina.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, Babu."

Alilipapasa, midomo ikimcheza. Kisha kidole kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikapanda juu. "Mbona limezungukwa na maneno mengi? Wenzangu hapo juu wana mstari mfupi. Wameandika nini?"

Koplo alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu. Alianza kukohoa.

"Habari za kubebana, Babu."

"Mungu mkubwa! Wamekumbuka. Hebu nisomee."

Ningeweza kuyageuza. Lakini mimi ni mtu wa kuomba asubuhi na jioni; uongo mmoja nilikwisha kuuchonga, kumwongezea wa pili kwa mdomo nikashindwa. Nilisoma neno kwa neno, kwa ile sauti ya darasani.

Kidole kilisimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nani kachonga?"

"Mimi, Babu."

"Ulipochonga ulikuwa unajua kusoma?"

"Nilikuwa najua."

Aliondoa mkono, akaupangusa kwenye suruali kana kwamba jiwe lilikuwa na tope. "Nirudishe nyumbani," alisema.

Asubuhi yake nilipoingia na dawa ya kuchua nilimkuta amekaa kitandani, ameshavaa shati, amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Acha," alisema. "Mgongo huu haukubeba mtu. Si umeandika mwenyewe?"